Chenji si pipi

Mtoto wa miaka saba katumwa chumvi. Kapewa noti ya elfu moja, katoka mbio, karudi na pakiti ya chumvi ya mia saba, sarafu moja ya mia mbili na pipi mbili. Mwenye duka hakuwa na mia, akaziba pengo kwa pipi za hamsini hamsini, biashara ikaisha. Mtoto kafurahi. Mama kanung'unika kidogo, kisha karudi kwenye vitunguu vyake jikoni. Hakuna aliyeona kwamba somo zima la hesabu limetafunwa na kumezwa.

Desturi hii inajulikana kuanzia maduka ya Mbagala hadi supamaketi za Mombasa, na wanaoilalamikia kwa kawaida ni wateja wazima: wanapunjwa, wanauziwa wasichokiomba. Malalamiko yao ni ya haki. Lakini anayepoteza zaidi ni yule aliyetumwa. Mtu mzima anajua kwamba ukitoa mia saba kwenye elfu zinabaki mia tatu, hata akipewa njiti za kiberiti badala ya hela. Mtoto hajui bado. Ndiyo kwanza anajifunza, na alihitaji kuzishika hizo mia tatu, azirudishe nyumbani, azipange mezani mbele ya mama na aone kwamba pamoja na bei ya chumvi zinaifikia ile elfu aliyoondoka nayo.

Kuhesabu pesa hujifunzwa na mkono unaotoa na kupokea. Watu wazima wa Afrika Mashariki, tena kwa nia njema kabisa, wanazidi kuuondoa mkono wa mtoto katika shughuli hiyo, halafu wanashangaa kwa nini hesabu za kutoa zinamshinda darasani.

Zamani hesabu ilikaa mfukoni. Katika enzi za ukoloni, Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1919, ilitoa sarafu za senti moja, senti tano na senti kumi zenye tundu katikati, na watu waliweza kuzitunga kwenye uzi. Tanzania ilipotoa fedha yake yenyewe Juni 1966, senti tano ilikuwa na samaki, senti ishirini ilikuwa na mbuni, thumuni ilikuwa na sungura na shilingi ikabeba mwenge, huku upande wa pili wa zote ukiwa na sura ya Mwalimu Nyerere. Shilingi moja ilikuwa senti mia. Kwa mtoto wa darasa la pili wa wakati huo, hesabu nzima ya shilingi moja iliingia ndani ya mia: vipande viwili vya thumuni, au vitano vya senti ishirini, au ishirini vya senti tano. Jedwali la kuzidisha alilokariri asubuhi alilikuta jioni kiganjani.

Senti hazipo tena. Sarafu ndogo inayozunguka Tanzania siku hizi ni ya shilingi 50, na hata hiyo imeadimika katika maduka mengi ya mijini, ndiyo maana pipi zimepata ajira. Hapo ndipo panapozuka tatizo ambalo halisemwi sana. Mtoto wa darasa la kwanza anaanza na moja mpaka kumi, kisha makumi, taratibu kama inavyostahili. Akitoka nje ya geti la shule, andazi linauzwa mia mbili. Namba anazozijua hazinunui kitu chochote, na namba zinazonunua bado hajafundishwa. Shule na duka vimekuwa nchi mbili zisizopakana.

Dawa ipo, na imo ndani ya sarafu zenyewe. Sarafu za 100, 200 na 500 ni moja, mbili na tano zilizovaa sifuri. Mtoto anayeweza kuhesabu mawe matano anaweza kuhesabu shilingi mia tano, ilimradi aruhusiwe kuzipanga sarafu za mia mstari mmoja na kuzitaja kwa kidole: mia, mia mbili, mia tatu, mia nne, mia tano. Hana haja ya kujua thamani ya nafasi wala kusubiri darasa la tatu. Akishazoea, mwalimu au mzazi anaondoa sarafu mbili za mia na kuweka moja ya mia mbili mahali pake. Hapo ndipo ugumu halisi unapoanza, kwa sababu mtoto anaona vipande vimepungua na anadhani pesa imepungua. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alionyesha jinsi watoto wadogo wanavyodanganywa na mpangilio: ukitandaza vitu vilevile kwenye mstari mrefu zaidi, mtoto wa miaka minne au mitano atakuambia vimeongezeka. Kwenye pesa mtego ni mkubwa zaidi, maana kipande kimoja kweli kinaweza kushinda vinne. Hilo halielezeki kwa mdomo. Linahitaji kubadilishana sarafu mara nyingi, huku na kule, mpaka mtoto mwenyewe aanze kukataa akipewa moja ya mia kwa ya mia mbili.

Sarafu ya hamsini ije mwisho. Watu hudhani ni rahisi kwa kuwa ni ndogo, kumbe ndiyo inayoleta nusu, na nusu ni habari nyingine.

Picha zilizoko kwenye sarafu za Tanzania zinasaidia, ila nazo zina mitego yake. Hamsini ina kifaru na mtoto wake, mia ina swala, mia mbili ina simba, na mia tano iliyotoka mwaka 2014 ina nyati. Mtoto huzishika haraka sana, kwa jina la mnyama kabla ya namba: "nipe ya swala." Hakuna ubaya, ni hatua ya kwanza. Ubaya unakuja kwenye noti, kwa sababu simba yumo pia kwenye noti ya 2,000 na kifaru yumo kwenye noti ya 5,000. Simba wa noti ni mara kumi ya simba wa sarafu, na kifaru wa noti ni mara mia ya kifaru wa sarafu. Mzazi mwerevu haoni tabu hapo. Anawaweka simba wawili mezani na kuuliza: simba wadogo wangapi watamnunua mkubwa?

Kenya nao wana mtego wao. Sarafu mpya zilizozinduliwa Desemba 2018 ziliondoa sura za marais, kama Katiba ya 2010 ilivyoagiza, na kuweka wanyama: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Lakini ile ya shilingi tano ni ndogo kwa umbo kuliko ya shilingi moja. Mwambie mtoto wa miaka mitano wa Likoni achague moja kati ya hizo mbili. Akichukua twiga, msimcheke. Ametumia akili aliyonayo, kwamba kikubwa ni kingi. Afadhali Kenya wameliona jambo hili mapema katika masomo: mtaala wa umilisi unamtaka mwanafunzi wa gredi ya kwanza azitambue sarafu na noti hadi shilingi 100, tena kwa mchezo wa duka darasani. Wana bahati pia kwamba shilingi yao bado inaingia ndani ya mia.

Kuna kizuizi kingine ambacho hakimo kwenye mtaala wowote, nacho ni adabu. Watoto wengi wa pwani na bara wamelelewa wakiamini kwamba kuhesabu hela mbele ya mtu mzima ni kumwonyesha humwamini. Unatoa shikamoo, unapokea chenji kwa mikono miwili, unafumba kiganja, unaondoka. Ukigundua njiani kwamba imepungua mia, imeshapungua. Mwanafunzi wa Dar es Salaam ndiye anayeyaonja hayo zaidi. Nauli yake kwenye daladala ni shilingi 200. Akitoa sarafu ya 500 anadai mia tatu kwa konda anayegongesha sarafu mkononi huku akiita vituo, na jibu ni "chenji baadaye". Kudai tena kunataka moyo. Wapo wanaoshuka bila kitu, na si kwamba hawajui kutoa mbili kwenye tano. Hawajawahi kufundishwa kwamba kudai ni halali.

Na ni halali. Kwenye madirisha ya benki hubandikwa tangazo likimtaka mteja ahesabu fedha zake kabla ya kuondoka, na hakuna mteja anayehesabiwa utovu wa nidhamu kwa kulitii. Wenye maduka wazuri nao hufanya hivyo bila tangazo. Mangi, yaani mwenye duka wa mtaani, akimpa mtoto chenji humwambia: "Hesabu hapa hapa, mwanangu." Maneno hayo manne ni elimu kubwa kuliko ukurasa mzima wa mazoezi, na wazazi wangefanya jambo la maana kuwaomba wenye maduka wayaseme kila mara.

Mangi huyo huyo ana ufundi mwingine unaostahili kuingia darasani. Mtazame anavyorudisha chenji ya elfu kwa kitu cha mia saba. Hatoi. Anaanza na bei na kupanda: anaweka kitu mbele ya mtoto na kusema "mia saba", anashusha sarafu ya mia, "mia nane", anashusha ya mia mbili, "elfu". Kazi imekwisha, na mtoto ameiona ikifika. Darasani swali hilohilo linaandikwa 1,000 kutoa 700, sifuri chini ya sifuri, kisha sifuri kutoa saba haiwezekani, kakope jirani. Mtoto anakopa, anasahau alikokopa, anapata jibu la ajabu na haliogopi, kwa sababu halihusiani na chumvi wala pipi.

Mpasuko huo umechunguzwa vizuri, na mfano wake maarufu unatoka mbali. Mwaka 1985 Terezinha Nunes Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti wao wa Recife, kaskazini mashariki mwa Brazil. Walikwenda sokoni kama wateja wa kawaida, wakanunua kwa watoto watano wenye umri wa miaka 9 hadi 15, wakinakili jinsi watoto wanavyopiga hesabu. Baadaye waliwapa watoto walewale hesabu za aina ileile kwa karatasi na penseli. Sokoni walipata asilimia 98. Kwenye hesabu tupu zisizo na habari ya bidhaa wakaanguka hadi asilimia 37. Mmoja wao aliulizwa bei ya nazi nne, kila moja ikiwa 35. Akapanda kwa mafungu, nazi tatu ni 105, akaongeza hadi 140, sahihi. Alipopewa 35 mara 4 kwenye karatasi akaandika 200: nne mara tano ishirini, weka mbili, mbili na tatu tano, tano mara nne ishirini. Kanuni ya shule aliijua nusunusu, na hiyo nusu ndiyo iliyompoteza.

Watoto watano ni wachache, ndiyo. Lakini mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha utafiti mpana zaidi wa kundi linalowajumuisha Abhijit Banerjee na Esther Duflo, washindi wa Nobeli ya uchumi ya 2019, uliofanywa Kolkata na Delhi, India. Watoto wanaouza sokoni walipiga hesabu ngumu za biashara kichwani, wakakwama kwenye maswali ya kitabuni. Wanafunzi wasiofanya biashara walikuwa kinyume: kitabuni wanajua, sokoni wamekwama. Maarifa hayakuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Hiyo ndiyo habari inayopaswa kuwaumiza vichwa walimu wetu, kwa sababu upande wa pili wa habari hiyo ni watoto wa tabaka la kati wa Mikocheni na Kileleshwa, wenye alama nzuri na wasioweza kumrudishia mtu chenji.

Isisomwe kwamba mtoto apewe sinia la karanga kichwani ili awe hodari wa hesabu. Watoto wa Recife walikuwa kazini kwa sababu kwao hakukuwa na kitu, na wengi wenye hali hiyo shule huwatema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nchini Tanzania imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na haina budi kuheshimiwa. Kumtuma mtoto chumvi, hatua hamsini kutoka mlangoni, kisha kukaa naye kuhesabu chenji, ni jambo jingine kabisa.

Shuleni kikwazo kinachotajwa kwanza ni idadi. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, kuna madarasa ya awali na ya kwanza yenye watoto zaidi ya mia, na mwalimu hawezi kutoa sarafu mfukoni mwake kwa wote, wala hazitarudi zote. Vizibo vya soda vinatosha. Kizibo chenye alama ya 100, kingine 200, kingine 500, na boksi kuukuu lililogeuzwa kaunta. Walimu wa Tanzania wamefundisha kuhesabu kwa vizibo na vijiti tangu zamani. Kuviandika bei ni hatua ndogo. Njia nyingine ni kuweka karatasi juu ya sarafu halisi na kupitisha penseli kwa ubavu mpaka nyati ajitokeze. Mtoto akizikata na kuzihifadhi, ana mfuko wake wa pesa za kuchezea kwa gharama ya karatasi moja. Kinachopungua ni muda kwenye ratiba, na hapo lawama haziendi kwa mwalimu.

Nyumbani, kibubu kinasifiwa kupita kiasi. Kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari kinafundisha kuweka, na hilo ni jema, lakini kwa hesabu ni kaburi: sarafu inaingia na haionekani tena mpaka siku ya kuvunja. Chupa ya plastiki inayoonyesha ndani ni bora mara nyingi. Mtoto anazimwaga mkekani kila Jumapili, anazitenga kwa aina, anahesabu kuanzia kubwa kwenda ndogo, anaandika jumla kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Wiki inayofuata anahesabu upya na kulinganisha. Akikuta imepungua, ajue kaka yake alipita hapo. Zile akaunti za watoto za mabenki zina faida yake kwa mzazi anayepanga ada, ila mtoto hazigusi, kwa hiyo zisihesabiwe kuwa elimu ya pesa.

Tahadhari moja haina mjadala. Watoto wadogo humeza sarafu. Ni miongoni mwa vitu vinavyomezwa zaidi. Aliye chini ya miaka minne achezee mawe makubwa, na aliyemeza apelekwe hospitali bila kupewa matonge ya ugali ya kusukumia. Aliyeshika sarafu anawe mikono.

Tukija kwenye simu, hapo hakuna kurudi nyuma. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, na leo hata muuza matunda ana Lipa Namba kwenye kibao. Mtoto anaona baba anabonyeza, simu inalia, tikiti maji linaingia kwenye mfuko. Hakuna kilichopungua machoni pake. Mzazi anayetaka kumfundisha hana haja ya kuikataa simu. Ampe tu mtoto aisome ile meseji kwa sauti. Salio la meseji iliyotangulia lilikuwa kiasi gani, limetoka kiasi gani, makato ni kiasi gani, limebaki kiasi gani. Ni hesabu ya kutoa iliyokamilika, yenye jibu la kuhakiki, na inaingia kwenye simu mara kadhaa kwa siku. Mtoto wa darasa la nne akiuliza kwa nini kutuma elfu kumi kumekula zaidi ya elfu kumi, mjadala utakaofuata mezani utakuwa na maana kuliko kazi yoyote ya nyumbani. Lakini simu ije baada ya sarafu. Aliyewahi kushika elfu kumi na kuiona ikiyeyuka ndiye anayeielewa meseji. Kwa mwingine ni tarakimu tu kwenye kioo.

Limebaki suala la kupima, kwa kuwa shule zetu hufundisha kinachopimwa. Mpango wa Uwezo, uliopima watoto wa Tanzania, Kenya na Uganda majumbani, ulipoanza kazi Tanzania mwaka 2010, ripoti yake ya kwanza ya Tanzania ilionyesha kwamba takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza hesabu za kiwango cha darasa la pili. Zoezi hilo lilithibitisha pia kwamba inawezekana kukaa na mtoto mmoja mmoja, kwa dakika chache, na kumwuliza kwa mdomo. Basi Taasisi ya Elimu na Baraza la Mitihani waongeze kwenye upimaji wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa darasa la pili swali moja lisilohitaji penseli: noti ya elfu, vizibo vilivyoandikwa bei, na mtahini anayejifanya Mangi. Arudishe chenji pungufu kwa makusudi, kisha atazame kama mtoto atafumba kiganja au atasema, "Shikamoo mwalimu, bado mia."